Mwanasaikolojia hakumpa mdogo wangu ushauri hata mmoja, na sasa amerudi barabarani. Tumelipia nini?

#1 Kaka_wa_Naguru

Wakuu, salamu. Naingia moja kwa moja.

Mdogo wangu ni dereva wa lori, njia yake Malaba hadi Elegu. Mwaka jana alipata ajali usiku barabara ya Gulu, utingo wake akafia palepale. Yeye alitoka na michubuko tu. Tangu siku hiyo hakugusa usukani. Lori likipita nje ya geti na kuachia ile breki ya upepo, jasho linamtoka. Halali, na akipitiwa na usingizi anaamka anapiga kelele. Tulimpeleka hospitali kichwa kikapigwa picha, hakikuonekana kitu. Tukampeleka kwa shehe.

Rafiki akatuelekeza kwa mwanasaikolojia mmoja Ntinda, hapa Kampala, mama wa makamo, ana ofisi yake binafsi ghorofani juu ya duka la dawa. Siku ya kwanza nilikuwepo, akajieleza mwenyewe bila kuulizwa: alianza na unesi, akaingia kwenye ushauri nasaha wa wagonjwa wa UKIMWI, akarudi shule Makerere kwa shahada ya uzamili ya saikolojia ya tiba, akafanya kazi kambi za wakimbizi, ndipo akafungua ofisi. Kiswahili anakisema vizuri, kina ladha ya Kongo.

Ada ni shilingi laki moja na ishirini kwa kikao. Hapo ndipo penye swali langu. Namuuliza dogo, amekushauri nini? Ananijibu, hajanishauri kitu, anauliza mimi nasema. Halafu akanionyesha picha kwenye simu: kamba ya katani imelazwa sakafuni, juu yake mawe makubwa kwa madogo, maua ya plastiki, mshumaa mmoja, na mwisho wa kamba umeachwa umeviringwa.

Leo anaendesha. Usiku hakubali, lakini mchana anaendesha. Sina ugomvi na matokeo. Nataka kujua tumelipia nini.

#2 BintiBombo

Kamba, mawe na mshumaa. Kaka, ulichungulia vizuri nyuma ya mlango? Hakukuwa na ngozi ya chui? 😂

#3 Jogoo_la_Kansanga

Laki na ishirini ya kusikilizwa! Shangazi zetu wanasikiliza bure, na chai juu. Huyo mama kaona familia ina lori akajua pesa ipo. Ushauri ndio bidhaa ya mshauri. Asipotoa ushauri ni sawa na kinyozi anayekukalisha kwenye kiti, anakutazama nywele, anakudai.

#4 Mlinzi_wa_Lango (msimamizi)

Jina la huyo mama na namba yake visiandikwe humu. Endeleeni.

#5 Mama_Sista

Vijana mnacheka kwa sababu miaka ile hamkuiona. Ushauri nasaha wa Uganda haukuanzia kwenye mihadhara. TASO, shirika la kuwasaidia wenye UKIMWI, ilipoanzishwa 1987 na Noerine Kaleeba na wenzake, dawa za kufubaza virusi hazikuwepo. Mtu keshaambiwa anacho, wewe muuguzi utampa nini? Unavuta kiti unakaa. Anakuuliza watoto atawaambiaje, kiwanja amwandikie nani, mke ataambiwa lini. Ukikurupuka na ushauri anageukia ukutani, na kesho haji. Waliopita pale walijifunza kunyamaza, na kunyamaza kwa mtu anayejua anachofanya ni kazi nzito kuliko kusema.

Kwa hiyo mtu aliyetoka kwenye unesi, akapitia UKIMWI, ndipo akaenda Makerere, huyo ameanza na watu kabla ya vitabu. Mimi hiyo historia yake ningeilipia.

Pia msiwachanganye watu. Daktari wa magonjwa ya akili amesoma udaktari kwanza, anaandika dawa. Mwanasaikolojia wa tiba haandiki dawa, anachunguza na kutibu kwa mazungumzo na mazoezi. Mshauri nasaha anaweza kuwa na shahada au cheti cha wiki chache, lazima umuulize. Na Butabika pale, kwenye hospitali ya magonjwa ya akili, kuna chuo kinachotoa maofisa tabibu wa afya ya akili, hao dawa wanatoa, na wilayani mara nyingi ndio unaowakuta.

#6 Mtu_wa_Isingiro

Jogoo, punguza moto. Hiyo kamba naijua, nilikuwa mkalimani kambi ya wakimbizi ya Nakivale.

Kamba ni maisha yako tangu kuzaliwa. Ua ni siku njema, jiwe ni siku mbaya, mshumaa ni wa uliyempoteza. Ile sehemu iliyoviringwa ni maisha ambayo hujayaishi bado. Hiyo ni siku ya kwanza tu. Vikao vinavyofuata mnaanza tangu utotoni, na mkifika kwenye jiwe mnakaa hapo polepole: ulikuwa umeketi upande gani, taa za gari la mbele zilikuwa wapi, ulinusa nini, mikono ilifanya nini, na sasa hivi unapolisema mwili unakuambia nini. Yeye anaandika. Kikao kijacho anakusomea, unasahihisha. Mwisho unakabidhiwa maisha yako yote yameandikwa, na mnatia sahihi.

Waliounda njia hiyo ni Maggie Schauer, Frank Neuner na Thomas Elbert, kutoka Konstanz, Ujerumani. Lakini majaribio yake ya mwanzo yalifanyika hapa kwetu: Imvepi kule Arua kwa wakimbizi wa Sudan, kisha Nakivale kwa Wanyarwanda na Wasomali. Nakivale waliokuwa wanatibu walikuwa watu wa kawaida kutoka miongoni mwa wakimbizi, wakafunzwa.

Kaka wa Naguru, muulize dogo kama alipewa makaratasi.

#7 Kaka_wa_Naguru

Anayo! Yamebanwa kwa stepla, yapo ndani ya bahasha ya kaki chini ya godoro. Mimi nilidhani ni ya bima. Asante mkuu.

#8 Mlugbara_Halisi

Marekebisho madogo: Imvepi iko wilaya ya Terego. Tulijitenga na Arua 2020.

#9 Mtu_wa_Isingiro

Jaribio lilichapishwa 2004, Terego ilikuwa bado haijazaliwa. Lakini sawa, nimekuelewa jirani.

#10 Kalamu_Nyekundu

Mtu wa Isingiro ametaja majaribio lakini hajataja namba, na utamu uko kwenye namba.

Imvepi walikuwa watu 43. Mwaka mmoja baada ya tiba, waliosimulia maisha yao kwa hiyo njia ni asilimia 29 tu waliobaki na ugonjwa wa kiwewe. Waliopewa ushauri wa kuwaunga mkono walibaki asilimia 79, na walioelimishwa tu kuhusu ugonjwa, asilimia 80. Hapo unasema kamba imeshinda, tufunge mjadala.

Sasa njoo Nakivale, iliyochapishwa 2008, watu 277. Safari hii kundi la pili lilipewa ushauri wa kiwewe wenye mpangilio kidogo, mshauri akitumia mbinu aliyoona inafaa. Walipofuatiliwa baadaye, wa kamba asilimia 70 hawakuwa tena na ugonjwa. Wa ushauri, asilimia 65. Tofauti hiyo kitakwimu si tofauti. Na kundi la tatu, waliofuatiliwa tu bila kutibiwa, asilimia 37 nao ugonjwa haukuonekana tena.

Kwa hiyo Jogoo akisema hakuna ushahidi, amekosea. Lakini na nyinyi mnaosema ni kamba, nielezeni hao 65, halafu nielezeni hao 37.

#11 Mtu_wa_Isingiro

Umeruka kitu. Nakivale hiyo hiyo, walioacha tiba katikati: wa kamba 5 kati ya 111, wa ushauri 23 kati ya 111. Njia ambayo mtu haikimbii ina thamani yake, hata kama waliobaki wanapona sawasawa.

#12 Kalamu_Nyekundu

Hilo nakubali. Sikuliruka kwa ubaya, nilikuwa nalihifadhi. 😄

#13 Mpishi_wa_Wandegeya

Hao 37 maelezo yao ni muda. Tuache kuzunguka. Huyu dogo ajali ni ya mwaka jana, mwaka umegeuka, binadamu anasahau. Mimi baada ya banda langu kuungua sikushika kikaango muda mrefu, nikarudi mwenyewe bila kamba. Leo rolex zangu, chapati za mayai, mnazipangia foleni.

#14 BintiBombo

Ndiyo maana zina ladha ya moshi.

#15 Mama_Sista

Muda unasaidia baadhi, Mpishi. Wengine ndio unawamaliza. Anayekwepa kila siku kile kinachomtisha anakilisha. Leo hasikilizi breki, kesho hapiti barabara kuu, keshokutwa hatoki ndani. Nimewaona waliokaa hivyo miaka, wameanza na pombe ya kulalia, wakaishia na pombe ya kuamkia.

#16 Afande_Mstaafu

Mnapita pembeni. Siri ya huyo mama ni Kiswahili. Mimi niliona mengi kazini ambayo sitayaandika hapa. Nilipelekwa kwa kijana mmoja msomi sana, ofisi ina kiyoyozi, kila swali kwa Kiingereza. Kiingereza changu ni cha kuandikia maelezo ya mtuhumiwa: "on the material day". Nikawa namsimulia maisha yangu kama ninatoa ushahidi mahakamani! Hata chozi halikuja. Kambini tuliapa kwa Kiswahili, tuliogopa kwa Kiswahili, tulizika kwa Kiswahili. Unanidai machozi kwa lugha ya ripoti?

Baraza la mawaziri lilipitisha Kiswahili kuwa lugha rasmi Julai 2022, lakini tafuta tabibu wa kuzungumza nacho Kampala, utachoka.

#17 Nalongo_wa_Kibuye

Afande, na sisi wa Luganda tuseme nini? Wengi wao wanaongea Luganda safi, lakini kikao kikianza tu Kiingereza kinawatoka chenyewe, kama wamevaa koti.

#18 Shehe_Mdogo

Asalaam aleikum. Nimesoma uzi wote, na kila mtu amempa sifa mwanasaikolojia. Mwanzisha uzi alitaja kwa mstari mmoja kwamba kijana alipelekwa kwa shehe, kisha akampita kama kituo cha teksi. Alisomewa ruqya, yaani kisomo cha Kurani cha uponyaji, lini? Kabla au wakati wa vikao? Msigawe ushindi kabla hamjaita wachezaji wote.

#19 Kaka_wa_Naguru

Shehe, ni haki yako. Alisomewa kabla, na usingizi ukarudi kidogo, kama wiki hivi. Kisha ukaondoka. Wakati wa vikao aliendelea na dua za asubuhi, na huyo mama hakumkataza, alimwambia aendelee.

Niongeze jambo ambalo sikuliona kubwa mwanzoni. Katikati ya vikao mwenye lori alimfutia deni la matengenezo. Gharama za ajali ile zilishapangwa kukatwa kidogo kidogo kwenye mshahara wake hata kabla hajarudi kazini, yaani akirudi angekuta mshahara umeshatumika. Deni lilipofutwa, dogo alikula vizuri siku ile kwa mara ya kwanza.

#20 Jogoo_la_Kansanga

HAYA SASA! Na mlinizomea. Mtu alikuwa na deni, mkamuwekea mawe.

#21 Mama_Sista

Jogoo, deni halimpigishi mtu kelele usiku akitaja jina la utingo.

#22 Jogoo_la_Kansanga

Hujawahi kudaiwa wewe.

#23 Kalamu_Nyekundu

Hapa Jogoo kagusa kitu, ingawa kwa bahati mbaya. Mwanasaikolojia mzuri angeuliza habari za deni. Kaka, mwenye lori alilifuta kwa nini? Kuna aliyemwendea?

#24 Kaka_wa_Naguru

Dogo mwenyewe alimwendea. Anasema walipofika kwenye jiwe la ajali ndipo alipoona kwamba kosa halikuwa lake lote, breki alikuwa amesharipoti mara kadhaa. Akaenda kwa mwenye lori na kumwambia hivyo hivyo. Zamani asingethubutu.

#25 Kalamu_Nyekundu

Basi mambo yamezidi kuvurugika, na mimi ndivyo ninavyopenda. Sasa deni limefutwa na tiba, au tiba imekamilishwa na deni?

#26 Teksi_ya_Ntinda

Mimi naendesha teksi, na hili la kutoshauriwa limenishangaza kidogo. Mwanasaikolojia wangu (wangu pia yuko huko huko Ntinda, labda ndiye!) alinipa kazi za nyumbani kibao. Andika wazo lililokujia, andika ulikuwa wapi, andika ushahidi wa kulikubali na wa kulikataa. Nilikuwa na hofu ya umati, na kwa kazi yangu hofu ya umati ni njaa. Alinituma nisimame nje ya soko la Owino Jumamosi mpaka moyo utulie wenyewe, nisiondoke kabla. Si mawe, si maua. Akaniambia asili ya njia hiyo ni ya Aaron Beck, Mmarekani, miaka ya 1960.

#27 Mama_Sista

Hiyo ya kusimama Owino imetoka upande mwingine wa familia, kwa watu wa tiba ya tabia. Ya kuandika mawazo ndiyo ya Beck. Siku hizi wanazifundisha pamoja. Na ni kawaida mtu mmoja kutumia njia tofauti kwa watu tofauti. Mwenye kiwewe cha ajali na mwenye hofu ya umati hawakai kwenye kiti kimoja.

#28 Mwalimu_Mbale

Ruhusa nitoe kisa kibaya, maana uzi unanukia maua tu.

Baada ya kufiwa na mke wangu nilienda kwa mmoja aliyejiita daktari wa saikolojia. Ukutani vyeti kama kalenda za dukani. Kikao cha kwanza alinieleza alivyofiwa yeye. Cha pili akanialika kwenye maombi ya Jumapili na kunitajia dada mmoja mjane wa kanisani kwao. Nikauliza, daktari, shahada yako ya udaktari ni ya chuo gani? Akakasirika, akaniambia nina ukinzani. Vyeti vyote vilikuwa vya semina.

Kwa hiyo historia ya mtu ina maana, Jogoo yuko sahihi kuogopa. Kosa lake ni kuwaogopa wote.

#29 BintiBombo

Mwalimu pole sana. Ila huyo dada mjane… ulimwona? 👀

#30 Mwalimu_Mbale

Tuendelee na mada.

#31 Mama_Sista

Wanaotafuta, ulizeni kabla ya kulipa. Ulisoma nini, wapi, na nani alikusimamia ulipokuwa unajifunza kwa wagonjwa halisi? Hilo la usimamizi ndilo la kwanza kwangu, maana shahada ya darasani tupu haimfundishi mtu kukaa na kilio. Na hata leo, kesi ikikushinda unampelekea nani? Asiye na wa kumpelekea, kimbia. Uliza notisi zake anazifungia wapi. Sheria ya kulinda taarifa binafsi ipo tangu 2019. Anayejua kazi yake hakasiriki akiulizwa, anafurahi. Uanachama wa chama cha washauri ni mwanzo mzuri, lakini usiishie hapo.

#32 Fundi_Redio

Mimi nauliza ya maskini. Laki na ishirini ni godoro. Wasio na ndugu wa kuwalipia wafanye nini, wasubiri kundi la 37 la Kalamu?

#33 Kalamu_Nyekundu

Vikundi. Masaka na Rakai, utafiti uliochapishwa 2003, vijiji 30. Watu wenye huzuni nzito walikaa kwa vikundi mara moja kwa wiki, wiki 16, wakizungumzia misiba, ugomvi wa nyumbani, mabadiliko ya maisha na upweke. Waliowaongoza walikuwa watu wa huko huko, wamefunzwa wiki 2. Kabla walikuwa na ugonjwa asilimia 86, baada ya hapo wakabaki 6.5. Vijiji ambavyo havikupata vikundi vilianza na 94 vikashuka hadi 54.7. Umeona, na huko nako kuna wanaoshuka wenyewe. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa njia hiyo 2016, na shirika la StrongMinds linaitumia hapa Uganda bila kumtoza mhusika.

#34 Mama_Sista

Na kwa wanaoishi na virusi muulizieni Profesa Etheldreda Nakimuli-Mpungu wa Makerere. Tiba yake ya vikundi, iliyojaribiwa kaskazini, inachanganya mazungumzo na ujuzi wa kujipatia kipato. Jogoo na deni lake angeipenda hiyo.

#35 Jogoo_la_Kansanga

Hiyo naiunga mkono! Nionyesheni mahali ambapo mtu anatoka analia akiwa na kuku wawili wa kufuga.

#36 Nalongo_wa_Kibuye

Kwenye kikundi siri itakaaje? Kijijini kwetu ukipiga chafya asubuhi, jioni unaulizwa habari za mafua. Wengine tunalipa laki kwa sababu ya ule mlango unaofungwa. Na Butabika huwezi kuonekana getini, hata kama umempelekea mtu chakula. Sheria mpya ya afya ya akili ya 2018 imefuta ile ya 1964, lakini midomo ya majirani haijafutwa na bunge lolote.

#37 Afande_Mstaafu

Umesema kweli, mama. Mimi gari niliegesha mtaa wa pili.

#38 Mtu_wa_Isingiro

Narudi kwenye swali la Kaka. Nimekaa pembeni ya vikao vingi nikitafsiri. Mbinu ilikuwa ile ile kwa kila mtu, lakini kulikuwa na mshauri ambaye watu walitembea jua kali kumfuata, na mwingine waliugua ghafla siku yake ikifika. Mwanasaikolojia Mmarekani Carl Rogers aliandika hayo 1957, kwamba tabia ya tabibu kwa mgonjwa ndiyo inayobeba kazi. Mimi naamini kamba ilifanya nusu, na huyo mama nusu.

#39 Kalamu_Nyekundu

Na shehe? Na deni? Na muda? Umeshagawa nusu mbili, shirika limejaa.

#40 Kaka_wa_Naguru

Nawashukuru wote. Nimemuuliza dogo leo hii yeye anaona ni nini. Kajibu, "sijui, lakini nikisikia breki sasa nasikia breki tu." Akaendelea kula.

Sasa kuna jipya. Mwenye lori anataka arudie safari za usiku, la sivyo atatafuta dereva mwingine. Tumrudishe kwa mama akaongeze vikao vya usiku, au tumwache?

#41 Teksi_ya_Ntinda

Mrudishe. Hofu ukiiachia mlango mmoja inaingia na mizigo yake. Aanze jioni, na wewe ukae kiti cha utingo.

#42 Mpishi_wa_Wandegeya

Barabara ya Gulu, usiku, malori yameharibika hayana hata tawi la mti nyuma. Asiyeogopa hapo ndiye wa kupelekwa kwa daktari.

#43 Mama_Sista

Aamue yeye, na amwambie huyo mama kwamba bosi ndiye anayetaka, si yeye. Hilo linabadilisha kikao kizima.

#44 Afande_Mstaafu

Breki ziliripotiwa mara kadhaa zikaachwa, mtu akafa, sasa dereva ndiye anayelipishwa vikao? Huyo mwenye lori ndiye wa kulaziwa kamba.